Sarafu na Vifungo vya Askari Ardhini: Mwongozo Kamili wa Kutafuta kwa Mashine Nchini Uingereza

Kitu cha kwanza cha maana nilichochimbua kwenye ardhi ya Uingereza hakikuwa sarafu. Kilikuwa kifungo, na nilikiharibu mwenyewe kwa kidole gumba.

Ilikuwa mwezi wa tisa, shamba la Kent lililokwisha vunwa ngano, mabua bado yamesimama. Mashine yangu ya kutambua metali ardhini ilitoa mlio mfupi, laini, uleule nikienda kushoto na nikirudi kulia. Sentimita kumi na mbili chini nikakuta kiduara cha kijivu, kikubwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Nikakifuta udongo haraka haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo cha simu. Namba 50 ikatokea. Nikafuta tena ili nione vizuri zaidi, na nakshi iliyoizunguka namba ikatoka pamoja na tope. Ilikuwa imekaa pale miaka mia mbili ikinisubiri niimalize kwa sekunde tano.

Namba ile ni ya kikosi cha 50 cha askari wa miguu, kilichopewa jina la West Kent mwaka 1782. Wenzao walikitania kikosi hicho kwa jina la "Nusu Mia Wachafu": husimuliwa kwamba kola na mikono ya koti zao ilikuwa nyeusi, wakijifuta jasho vitani rangi inawapaka usoni. Hayo yote ndani ya kipande cha bati ambacho mnunuzi wa vyuma chakavu asingekipa hata senti. Mpwa wangu wa Tanga aliponipigia akauliza, "Mjomba, umepata dhahabu?" Nikamwambia nimepata kifungo. Akacheka, akadhani nimefungwa.

Mwongozo huu nauandika kwa Waswahili tulioko Uingereza, maana sheria na mashamba ninayoyajua ni ya huku. Walioko nyumbani wana sehemu yao mwishoni, na nawaomba waisome kabla hawajaagiza mashine.

Hatua ya 1: Ruhusa, kabla hujanunua hata betri

Huku hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Bustani ya halmashauri ina mwenyewe, ufukwe una mwenyewe, na ile njia ya miguu inayokatiza shambani ina mwenyewe. Haki ya kupita si haki ya kuchimba. Ukichukua kitu bila ruhusa umeiba, hata kama kimelala humo tangu enzi za Warumi.

Omba ruhusa kwa maandishi, na iombe kwa mwenye ardhi hasa. Wakulima wengi ni wapangaji, na neno la mpangaji peke yake halitoshi. Mimi huandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkono: mimi ni nani, naishi wapi, nina bima, nitafukia kila shimo, nitamwonyesha kila ninachopata. Naipeleka mwenyewe, si wakati wa mavuno wala saa za kukamua ng'ombe. Wengi hawajibu. Mzee aliyenikubalia aliniuliza swali moja tu: "Mageti utayafunga?" Nikamjibu kwamba nitayaacha nilivyoyakuta, yaliyofungwa nitayafunga na yaliyo wazi nitayaacha wazi. Nadhani jibu lile ndilo lililonipa shamba.

Bima hupatikana kwa kujiunga na chama cha watafutaji. Kikubwa ni National Council for Metal Detecting. Mgawanyo nao uandikwe mapema. Desturi ni nusu kwa nusu baina yako na mwenye ardhi. Karatasi yenye sahihi mbili itawaokoa siku mkipata kitu cha bei.

Kuna mahali ambapo hata mwenye ardhi hawezi kukuruhusu. Sheria ya mwaka 1979 ya maeneo ya kale inakataza kuingia na mashine hii kwenye eneo lililoorodheshwa bila kibali cha maandishi cha serikali. Kuitumia tu, hata bila kuchimba, ni kosa. Orodha hiyo iko wazi kwenye tovuti ya Historic England, taasisi ya urithi wa kale, itazame kwa ramani kabla ya kila shamba jipya. Sheria ya mwaka 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka. Ukivuka kwenda Scotland, kila kitu cha kale unachookota lazima ukiripoti, na Ireland ya Kaskazini huruhusiwi kuchimba kutafuta vitu vya kale bila leseni.

Hatua ya 2: Soma shamba ukiwa nyumbani

Mtu huangusha sarafu pale anapotoa mkono mfukoni. Anaponunua, anapokaa kula, anapopanda farasi, anaporuka uzio, anapojisitiri na msichana nyuma ya kichaka. Kazi yako ni kujua walikokuwa wakifanya hayo.

Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Uingereza nzima, na unaweza kuilaza ramani ya karne ya 19 juu ya picha ya leo. Tafuta njia zilizokufa, visima, vivuko vya mito, baa zilizobomolewa, miti mikubwa iliyokuwa peke yake. Majina ya mashamba nayo husema: shamba linaloitwa "Fair Field" huenda lilikuwa na gulio, na "Camp Field" usilipite. Serikali pia hutoa bure picha za ardhi zilizopimwa kwa leza, zinazoonyesha matuta na mitaro ambayo jicho halioni.

Sasa swali lililonisumbua muda mrefu: kwa nini vifungo vya askari vijae shamba ambalo halikuwahi kuona vita? Sababu moja ni makambi. Kati ya 1803 na 1805 Napoleon alikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari akijiandaa kuvamia, na pwani ya kusini ikajaa askari na mgambo wakifanya gwaride. Sababu nyingine ni mbolea, na sikuiamini hadi nilipoelezwa na mkulima mwenyewe. Matambara ya sufu, zikiwamo sare chakavu, yalinunuliwa kwa uzito, yakachanwa, yakamwagwa shambani yaoze polepole yalishe udongo. Wakulima wa hopsi wa Kent, ile mimea ya kutia ladha kwenye bia, waliyatumia sana. Sufu ikaoza, vifungo vikabaki. Ndiyo maana unaweza kupata vifungo vya vikosi vitatu tofauti kwenye eka moja bila risasi hata moja.

Na hapo Kiswahili kinanichekesha, maana kwetu risasi ni ile metali laini na ni kile kinachotoka kwenye bunduki. Huku vyote viwili hutoka kwenye shimo moja: kijivu chenye ukungu mweupe, kizito kuliko ukubwa wake, mviringo kama gololi. Ukipata nyingi mahali pamoja, na baadhi zimebonyea, simama. Yawezekana umeingia uwanja wa mapigano, na mpangilio wa risasi hizo ndio ushahidi pekee uliobaki.

Hatua ya 3: Mashine

Hapa sitakaa sana, maana watu hubishana kuhusu mashine kuliko wanavyozitumia. Minelab, Garrett, XP na Nokta wote wana mashine za anayeanza, na pauni mia mbili hadi nne zinatosha. Chagua isiyopenya maji, yenye kioo kinachoonyesha namba ya kukisia aina ya metali, na koili (lile duara la chini linalofagia ardhi) ya sentimita 25 hadi 28. Ongeza kijimashine cha mkononi cha kuonyesha kitu kilipo ndani ya shimo, sepetu fupi imara, hedifoni, glovu na mfuko wa takataka. Usinunue sepetu ya bei ya chini. Mimi nimevunja mbili, moja umbali wa maili mbili kutoka kwenye gari.

Kabla ya kwenda shambani, fukia sarafu, msumari, kizibo cha chupa na kishikio cha kopo la soda kwenye bustani yako, kila kimoja peke yake, kisha sikiliza. Fanya hivyo jioni tatu. Sikio hujifunza kabla ya kichwa.

Hatua ya 4: Kufagia

Koili iwe karibu na ardhi kiasi cha kuigusa, na ilale sambamba nayo hadi mwisho wa mkono. Kosa la kila mgeni ni kuinyanyua pembeni kama anayefyeka nyasi. Nenda polepole. Kila fagio lilalie nusu ya lililopita. Ukimaliza mstari, geuka urudi. Ukimaliza shamba, lirudie kwa kulikata msalaba.

Anza kwa kusawazisha mashine na udongo wa pale, kama kitabu chake kinavyoelekeza. Usichuje kila kitu, yaani usiiambie mashine inyamazie kila metali usiyoitaka. Chuma kikubwa unaweza kukizima, lakini ukizima na namba za katikati ili usisumbuliwe na karatasi za alumini, umezima pia vifungo vya bati, sarafu nyembamba za fedha na pete za dhahabu, maana vyote hulia mulemule.

Mlio mzuri hurudiwa. Unalia ukienda, unalia ukirudi, na ukizunguka robo duara bado unalia palepale. Msumari wenye kutu hudanganya: unalia vizuri upande mmoja, upande wa pili unakoroma au kuhama. Ukiwa na shaka, chimba. Sarafu nyingi hupatikana ndani ya sentimita 15 hadi 20 za juu, na udongo uliolowa mvua husaidia mlio kufika.

Msimu bora ni baada ya mavuno, Agosti na Septemba, na baada ya shamba kulimwa na kusawazishwa. Shamba lililokwisha pandwa usilikanyage hadi umeuliza upya, hata kama ruhusa ya mwaka mzima unayo.

Hatua ya 5: Kuchimba

Kwenye shamba lililolimwa, piga sepetu mbali kidogo na kitovu cha mlio, toa bonge zima, lipitishe kwenye mashine. Usichome sepetu katikati: ndipo sarafu ya miaka 700 inapopata kovu jipya.

Kwenye malisho, kata pande tatu za mraba, uache upande wa nne kama bawaba. Funua kama kifuniko cha sanduku. Udongo uweke juu ya kitambaa au mfuko, usimwage kwenye nyasi. Ukishapata kitu, pitisha mashine tena shimoni, kwa sababu vitu hupenda kuwa viwili. Rudisha udongo, funika, kanyaga. Farasi akivunjika mguu kwenye shimo lako, hutapewa shamba jingine wilaya nzima.

Jembe la trekta huvuruga sentimita 25 hadi 30 za juu. Chini ya hapo vitu viko vilipowekwa. Mlio ukiendelea chini ya tabaka hilo, au ukiona sarafu kadhaa pamoja, acha kuchimba, funika, piga simu kwa mwanaakiolojia. Inauma, najua. Lakini mwaka 1992, kijiji cha Hoxne, Suffolk, mzee Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea. Akakuta fedha na dhahabu za Kirumi. Akatoa kidogo, akasimama, akaita wataalamu. Walitoa sarafu karibu 15,000 na vyombo vyao, wakaona hata mabaki ya sanduku vilimopangwa. Zawadi ilikuwa pauni milioni 1.75. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa iko Makumbusho ya Uingereza.

Ukikuta kitu chenye umbo la kombora au guruneti, usikiguse wala usikisogeze. Weka alama mbali nacho, ondoka, piga 999.

Kinachotoka shimoni: sarafu

Utapata zaidi senti kubwa za shaba za karne ya 18 na 19, nyingi zimelika na mbolea hadi uso wa mfalme umekuwa kivuli. Peni ya mwaka 1797, iliyotengenezwa na Matthew Boulton kule Birmingham, ni nene yenye ukingo uliotuna, gramu 28 hivi, ukiishika hutaisahau.

Fedha haishiki kutu, hutoka karibu ikiwa safi. Hadi 1919 sarafu za fedha zilikuwa fedha asilimia 92.5, kuanzia 1920 asilimia 50, na kuanzia 1947 hazina fedha kabisa. Za kabla ya miaka ya 1660 nyingi ziligongwa kwa nyundo: nyembamba kama ganda la kitunguu, hazijakaa duara, mara nyingi zimepinda. Na ukipata nusu au robo ya peni iliyokatwa kama kipande cha chapati, usidhani imevunjika. Kabla ya Edward wa Kwanza kuleta sarafu ndogo za duara kuanzia 1279, chenji ilipatikana kwa kuikata peni yenyewe.

Vifungo

Hapa ndipo moyo wangu ulipo. Sarafu huzunguka, inaweza kuangushwa na yeyote. Kifungo kilikuwa cha mtu mmoja, kimeshonwa kifuani pake.

Tazama mbele kwanza. Mwaka 1767 iliagizwa vifungo vya vikosi vya miguu viwe na namba, kwa hiyo namba ni kikosi, na kikosi unaweza kufuata safari zake zote, kutoka Hispania hadi India. Askari wa kawaida alivaa vya bati lililochanganywa na risasi, afisa vya fedha au vilivyopakwa dhahabu, hivyo kijivu kilichofifia ni cha mtu wa chini. Mwaka 1855 bati likaachwa, ikaja shaba ya njano. Mwaka 1871 askari wa kawaida wengi wakapewa kifungo kimoja cha jeshi zima chenye nembo ya kifalme, simba na farasi mwenye pembe moja. Hicho utakipata mpaka ukichoke. Mwaka 1881 namba zenyewe zikafutwa, vikosi vikaitwa kwa majina ya mikoa.

Taji nalo ni kalenda. Matao yaliyoumuka kama kuba ni ya wafalme, hasa wa 1901 hadi 1952. Yaliyobonyea katikati ni ya enzi ya Malkia Elizabeth wa Pili.

Kisha geuza. Mgongoni huwa na jina la mtengenezaji, pengine na mtaa wake, na mafundi hao walihamahama, hivyo anwani hukupa miaka. Ukiona maneno yanayotamba kwamba kimepakwa dhahabu mara mbili au tatu, uko karibu na nusu ya kwanza ya karne ya 19.

Hatua ya 6: Kusafisha, yaani kutosafisha

Nyumbani tumelelewa na ndimu na majivu: sinia la shaba linasuguliwa hadi unajiona uso. Sahau. Ndimu, siki, soda, dawa ya meno na brashi ya waya vyote huondoa ngozi ya juu, na maandishi yako kwenye ngozi hiyo. Fedha isuuze kwa maji safi, uikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa bila kusugua. Shaba usiilowanishe, iache ikauke siku kadhaa, kisha uondoe udongo kwa kijiti cha kuchokolea meno, chini ya lenzi, punje kwa punje. Bati usiliguse kabisa. Ukiona shaba inatoa unga wa kijani kibichi, inaliwa. Itenge na wenzake kwenye kopo kavu lenye vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, ukaombe ushauri.

Hatua ya 7: Andika mahali

Kila kitu na mfuko wake, kila mfuko na namba, kila namba na mahali. Simu itakupa rejea ya gridi, yaani namba ya mahali kwenye ramani. Yenye tarakimu 10 ni sahihi hadi mita moja. Andika palepale shimoni. Jioni hutakumbuka.

Mfano wa hili ni wa kwetu. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Akaziweka kwenye kopo. Mwaka 1979 akazituma zichunguzwe: nne za Kiholanzi, tano za Kilwa, zenye majina ya masultani wetu. Zilifikaje huko? Alichoweza kutoa ni ramani aliyoitia alama kwa kukumbuka, miaka 35 baadaye. Mwaka 2013 wataalamu walirudi kisiwani kutafuta, na swali bado linaelea.

Uingereza na Wales wana mpango wa Portable Antiquities Scheme, unaosimamiwa na Makumbusho ya Uingereza, wenye afisa karibu kila mkoa. Anatambua kitu chako bure, anakipiga picha, anakiandikisha, anakurudishia. Vilivyoandikishwa vimepita milioni moja na nusu.

Hazina ni jambo jingine. Kwa sheria ya mwaka 1996, sarafu mbili au zaidi kutoka mahali pamoja, zenye umri wa zaidi ya miaka 300 na dhahabu au fedha angalau asilimia 10, ni hazina. Za shaba tupu ziwe angalau 10. Kitu kisicho sarafu, chenye umri huo na kiwango hicho cha dhahabu au fedha, ni hazina hata kikiwa kimoja, na tangu 2023 vipo pia vya zaidi ya miaka 200 vyenye umuhimu wa pekee. Una siku 14 kumjulisha koroneri, yule ofisa anayechunguza vifo vya ghafla. Afisa wa mkoa atakusaidia. Makumbusho ikikitaka, hulipa bei ya soko, mnagawana na mwenye ardhi. Mwaka 2019 watu wawili walioficha hazina ya enzi za Wavikingi kule Herefordshire walifungwa miaka kadhaa. Wangeiripoti, wangekuwa matajiri.

Walioko nyumbani

Kaka, dada, usiagize mashine ukaenda nayo Kilwa, kilima cha Salaita kule Kenya, wala Tanga. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na kote kuchimba vitu vya kale kunataka leseni. Viwanja vya vita vya 1914 hadi 1918 vinaweza kuwa na makombora ambayo hayajalipuka. Na anayekuambia anajua ilipofukiwa "mali ya Mjerumani", atakuonyesha ukishatoa ya mganga na ya mafuta ya gari, usimpe hata nauli.

Unachoweza kufanya leo hakitaki mashine. Fungua kasha la bibi. Heller ya Kijerumani, ile iliyotuachia neno "hela", ilitengenezwa kuanzia 1904 na mia moja zilifanya rupia. Ya heller kumi ina tundu katikati, na ya tano ya 1913 na 1914 pia. Tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg, T ni Tabora, ambako mwaka 1916 Wajerumani waliokatiwa njia ya bahari waligonga sarafu zao wenyewe. Usiisugue. Iweke kwenye bahasha ya karatasi, kisha mwulize bibi ilikuwa ya nani, aliipata wapi, alilipwa kwa kazi gani, na uandike majibu yake juu ya bahasha kabla hujaifunga.